Kampeni ya uchangiaji wa viungo ipimwe kwa mazungumzo ya nyumbani, si kwa idadi ya saini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo ambalo linazidi kushika kasi miongoni mwa vijana wa vyuo na shule, nalo ni kampeni za kuhamasisha umma kuchangia viungo vya mwili. Wanafunzi, na si wa udaktari na uuguzi peke yao, wamekuwa wakiandaa matembezi, midahalo na maonyesho, wakigawa vipeperushi na kuwaomba watu wajaze fomu za kuahidi kwamba wakifariki viungo vyao vitumike kuwaokoa wengine. Nawapongeza kwa moyo wote. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimekuwa karibu na pande zote mbili za jambo hili, upande wa mgonjwa anayesubiri kiungo na upande wa familia inayoombwa ridhaa. Kwa sababu hiyo nina neno moja kwa vijana hawa na walimu wanaowasimamia: nguvu nyingi mno inatumika kukusanya saini, na nguvu ndogo mno inafika mahali ambapo uamuzi wenyewe hufanyika, yaani ndani ya familia.

Haja ya viungo haina ubishi. Duniani kote hufanyika upandikizaji zaidi ya 150,000 kwa mwaka, na makadirio ya kimataifa ni kwamba idadi hiyo haizidi asilimia 10 ya mahitaji. Marekani peke yake ina watu zaidi ya 100,000 katika orodha ya kusubiri, walio wengi wakisubiri figo. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa anaweza kuishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na kila mara kwa saa nne hivi, lakini mashine hiyo hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ambayo figo hufanya usiku na mchana, na mgonjwa hulazimika kupima hata maji anayokunywa. Mwenye ini lililoshindwa hana hata mashine ya namna hiyo ya kumvusha miaka. Kwa upande wa pili, mchangiaji mmoja aliyefariki anaweza kuokoa maisha ya watu hadi 8, kwa moyo, mapafu mawili, figo mbili, ini, kongosho na utumbo mdogo. Haya wanafunzi wanayasema vizuri katika kampeni zao, na sina la kuongeza.

Jambo ambalo vipeperushi vingi havilielezi ni kwamba vifo vinavyoruhusu moyo, ini au figo kuchangiwa ni vichache sana. Nchini Uingereza, ambako takwimu hizi hutunzwa kwa uangalifu, inakadiriwa kwamba ni mtu 1 tu kati ya kila watu 100 wanaofariki ndiye anayekufa katika mazingira yanayowezesha viungo vyake kupandikizwa. Moyo unaposimama nyumbani au barabarani, damu haizunguki tena, na viungo vya ndani huanza kuharibika baada ya dakika chache. Ili viungo viwafae wengine, karibu kila mara inabidi mtu awe amefia katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa ameunganishwa na mashine ya kupumulia, na sababu kubwa huwa ni jeraha la kichwa au kuvuja kwa damu katika ubongo. Kwa hiyo zinaweza kukusanywa saini nyingi, na ikapita miaka kabla hata moja kati ya hizo haijafikia wakati wa kutumika. Na siku hiyo ikifika, aliyetia saini hatakuwa na uwezo wa kusema lolote. Watakaosema ni mama yake, mume wake, kaka yake au watoto wake.

Naomba wanafunzi wafikirie hali ya watu hao. Jana mpendwa wao alikuwa mzima. Leo daktari anawaambia kwamba ubongo wake umekufa na kwamba kwa hiyo yeye amekufa, ilhali wao wanaona kifua kikipanda na kushuka, wakigusa mkono wanaukuta una joto, na kwenye skrini mapigo ya moyo yanaendelea. Katika hali hiyo ndipo wanapoulizwa kama wanaridhia viungo vyake vichangiwe, na hawana siku nyingi za kutafakari, kwa sababu mwili ambao ubongo wake umekufa haudumu katika hali hiyo hata kwa msaada wa mashine. Swali la kwanza ambalo ndugu huulizana, nami nimelisikia likiulizwa kwa kilio na likiulizwa kwa hasira, ni hili: yeye mwenyewe angetaka nini? Palipo na mmoja anayeweza kujibu kwamba marehemu aliwahi kumwambia, familia huonekana wazi kupata ahueni, hata katikati ya majonzi. Pasipo na ajuaye, familia nyingi hukataa, na hukataa si kwa ubaya wala kwa ujinga, bali kwa kuogopa kumtendea marehemu jambo ambalo huenda asingelipenda. Takwimu za Uingereza zinaonyesha jambo hilohilo: pale inapojulikana kwamba marehemu alitaka kuchangia, familia 9 hivi kati ya 10 hukubali, lakini uamuzi wake usipojulikana, zinazokubali ni karibu nusu tu.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni sheria inayomhesabu kila mtu mzima kuwa mchangiaji isipokuwa yule aliyekataa mwenyewe. Wales ilianza utaratibu huo mwaka 2015 na England mwaka 2020. Sipingi sheria hizo, ila nawaomba wanafunzi wanaozitetea katika midahalo yao wachunguze jinsi zinavyotekelezwa, kwani hata huko familia huendelea kuulizwa, na ikikataa, kwa kawaida madaktari hawaendelei. Uhispania, ambayo kwa miaka mingi imeongoza dunia kwa uchangiaji wa viungo vya marehemu, ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1979, lakini idadi ya wachangiaji ilianza kupanda kwa kasi baada ya mwaka 1989 tu, lilipoanzishwa shirika la taifa la upandikizaji chini ya daktari Rafael Matesanz. Shirika hilo liliweka katika hospitali daktari maalumu, mara nyingi yule anayehudumia wagonjwa mahututi, akapewa jukumu la kuwatambua mapema wanaoweza kuchangia na mafunzo ya kuzungumza na familia zao kwa utulivu. Matesanz mwenyewe amerudia kusema kwamba mafanikio ya nchi yake hayakuletwa na sheria.

Hapo ndipo ninapoiona nafasi ya wanafunzi, na sioni kundi lingine lenye nafasi inayolingana na yao. Daktari humfikia mtu akiwa tayari yumo msibani. Serikali humfikia kwa tangazo. Mwanafunzi humfikia nyumbani kwake, siku ya kawaida isiyo na kilio, na humfikia akiwa mtoto wake, mjukuu wake au mdogo wake. Wazazi huyasikiliza anayoyasema mtoto wao anayesoma kwa makini zaidi ya wanavyokubali kuonyesha. Lakini mazungumzo haya yana adabu yake, na nasikitika kwamba mafunzo ya wahamasishaji niliyopata kuyaona huligusa jambo hili juujuu tu. Kijana hawezi kumwendea baba yake na kumuuliza akifa wamfanyeje, kisha akatazamia jibu la upole. Njia niliyoiona ikifaa ni kijana kuanza na nafsi yake, kwa mfano kwa kusema, "Mama, tumefundishwa habari ya kuchangia viungo, nami nimeamua kwamba likinifika la kunifika, ningependa viungo vyangu viwasaidie wengine. Nimeona nikwambie wewe ujue." Mama atashtuka. Huenda akamkataza kutaja mambo ya kifo, huenda akainuka na kuondoka. Asisukumwe. Baada ya siku mbili tatu atarudi na swali, na akishajibiwa lile la kwanza ataleta la pili, na kabla mazungumzo hayajaisha atakuwa amesema, bila kuulizwa, yeye mwenyewe anaonaje. Vijana ambao hawajafikia umri wa utu uzima wana sababu ya ziada ya kufanya hivyo, kwa kuwa katika nchi nyingi wazazi ndio wanaoombwa ridhaa kwa niaba yao, na saini ya mtoto peke yake haitoshi.

Mama atakaporudi na swali, mwanafunzi awe na jibu la kweli. Swali linalotangulia mengine yote ni kama madaktari watamwacha mtu afe, au hata kumharakisha, ili wapate viungo vyake. Ni hofu yenye heshima na haifai kupuuzwa. Mwanafunzi aeleze kwamba madaktari wanaomtibu mgonjwa si wale wa timu ya upandikizaji, na kwamba wanaothibitisha kifo cha ubongo hawaruhusiwi kuwa na uhusiano na mpokeaji. Nchi nyingi hudai wathibitishaji wawe wawili au zaidi. Aeleze pia vipimo vyenyewe, maana watu hutulia wanapoelezwa kinachofanyika. Daktari humulika macho kwa tochi aone kama mboni zitasinyaa. Hugusa uso wa jicho aone kama litapepesa. Humimina maji ya baridi sana masikioni aone kama macho yatasogea, na huchokoza koo kuona kama kuna kikohozi. Mwisho hutenganisha mgonjwa na mashine ya kupumulia kwa muda huku akiendelea kupewa oksijeni, na kupima jinsi kabonidioksidi inavyopanda katika damu, kwani shina la ubongo, yaani sehemu inayoongoza kupumua, likiwa na uhai wowote, ongezeko hilo humlazimisha mtu kuvuta pumzi. Asipovuta, na vipimo vingine vyote vikiwa vimethibitisha, amekufa. Vigezo vya namna hii vilianza kuwekwa rasmi na kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1968, na vimeendelea kuboreshwa tangu wakati huo.

Hapa pia ndipo wanafunzi wa baiolojia wanapoweza kutoa huduma ambayo bango haliwezi kuitoa, yaani kufafanua kwa nini moyo unapiga ilhali mtu amekufa. Moyo una chanzo chake cha umeme na hauhitaji amri ya ubongo ili upige. Unachohitaji ni oksijeni, na mashine ndiyo inayouletea. Mgonjwa aliye katika koma ni mtu mwingine kabisa. Ubongo wake una uhai, mara nyingine anapumua mwenyewe, na anaweza kuzinduka. Watu wengi wanaokataa kuchangia wanafikiria habari walizosikia za mgonjwa aliyezinduka baada ya miezi, na hakuna aliyewahi kuwaeleza tofauti hiyo kwa lugha wanayoifahamu.

Kuhusu mwili wa marehemu, jibu ni fupi: viungo hutolewa katika chumba cha upasuaji na madaktari wa upasuaji, mwili hushonwa kwa uangalifu, hurudishwa kwa familia, na mazishi hufanyika kama ilivyokusudiwa. Kuhusu dini, yapo maelezo ya wazi ambayo wanafunzi wanapaswa kuyajua. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti, yakiwemo ridhaa na kutofanywa biashara, na Papa Yohane Paulo wa Pili, alipohutubia mkutano wa wataalamu wa upandikizaji mjini Roma mwaka 2000, alisifu uchangiaji kuwa tendo la upendo wa kweli. Hata hivyo wapo wanazuoni wasiokubaliana na baadhi ya mambo haya, hasa suala la kifo cha ubongo, na si haki kuwaficha. Wanafunzi wasijitwike kazi ya kutoa fatwa. Wawaalike viongozi wa dini wazungumze wenyewe, na wawape mapema maelezo ya kitabibu ili wazungumze wakijua.

Swali ambalo nimeona wanafunzi wakilikwepa, nami naona halistahili kukwepwa hata kidogo, ni lile la biashara ya viungo. Mwananchi akisema amesikia watu wanauza figo, mhamasishaji hukimbilia kumwambia kwamba huo ni uzushi tu, na hapo hapo humpoteza, maana biashara hiyo ipo kweli. Ilisababisha wataalamu kutoka nchi nyingi kukutana na kutoa Azimio la Istanbul mwaka 2008, linalolaani uuzaji wa viungo na safari za kwenda kupandikizwa viungo vilivyonunuliwa, na mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaidhinisha kanuni zinazokataza malipo kwa ajili ya viungo. Kilicho uzushi ni simulizi za mtu kuleweshwa njiani na kuamka hana figo. Figo haina faida mpaka awepo mpokeaji ambaye kundi lake la damu na aina ya tishu zake zimepimwa na kulinganishwa, kiwepo chumba cha upasuaji chenye timu nzima ya wataalamu, na zipatikane dawa ambazo mpokeaji atazimeza kwa muda wote atakaokuwa na kiungo hicho. Biashara ya kweli inafanyika kwa njia nyingine. Dalali humtafuta mtu mwenye dhiki, humwahidi fedha, humwandalia karatasi zinazodai kwamba ni ndugu wa mgonjwa, na baada ya upasuaji humlipa pungufu ya alichoahidi au asimlipe kabisa, kisha humwacha bila matibabu ya ufuatiliaji.

Nasisitiza hili kwa wanafunzi kwa sababu wao wenyewe wamo hatarini. Kijana mwenye afya, mwenye deni la ada, anayeshinda kwenye simu, ndiye anayetafutwa na madalali hao. Kampeni yoyote ya wanafunzi kuhusu viungo ambayo haiwaonyi wanafunzi wenzao juu ya hatari hii ina pengo kubwa. Na kampeni inayolieleza jambo hili wazi, ikaonyesha kwamba uchangiaji halali hauna mnunuzi wala muuzaji na kwamba viungo vya marehemu hugawiwa kwa orodha inayozingatia hali ya mgonjwa, ulinganifu na muda wa kusubiri, itaaminiwa katika mengine yote.

Nawashauri pia watumie historia, maana ina familia ndani yake. Tarehe 2 Desemba 1967 mjini Cape Town, Denise Darvall, binti wa miaka 25, aligongwa na gari pamoja na mama yake. Mama alifariki palepale. Binti alifikishwa hospitali ya Groote Schuur, na madaktari walipoona hawawezi kumwokoa walimwendea baba yake, Edward Darvall, aliyekuwa amempoteza mke siku hiyohiyo, wakamwomba ridhaa. Alitafakari kwa dakika chache akakubali. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba daktari Christiaan Barnard na timu yake walipandikiza moyo wa Denise katika kifua cha Louis Washkansky, na huo ukawa upandikizaji wa kwanza wa moyo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Dunia nzima ilimsifu daktari. Mimi kila ninapowasimulia wauguzi wadogo kisa hiki, humtaja kwanza baba. Figo moja ya Denise alipewa mvulana wa miaka 10 ambaye, kwa sheria za ubaguzi za wakati ule, hakuruhusiwa kuhesabiwa katika kundi moja la rangi na familia iliyompa. Washkansky aliishi siku 18 tu, akafariki kwa nimonia, kwa sababu dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo zilikuwa zimedhoofisha kinga yake. Ilipoanza kutumika dawa ya saiklosporini katika miaka ya 1980, wapokeaji walianza kuishi miaka mingi, na leo wapo wanaokimbia na kuogelea katika Michezo ya Dunia ya Waliopandikizwa, iliyoanza Portsmouth nchini Uingereza mwaka 1978. Baba wa Denise alitoa jibu bila kuwa na muda wala maandalizi yoyote. Kazi ya wanafunzi ni kuhakikisha kwamba wazazi wa leo hawafiki mlangoni pa chumba hicho wakiwa mikono mitupu kama yeye.

Kuna eneo moja ambalo nawaomba wawe waangalifu nalo, nalo ni uchangiaji wa mtu aliye hai. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, uliofanywa na daktari Joseph Murray mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulihusisha pacha wa kufanana. Ronald Herrick alimpa figo ndugu yake Richard, na yeye mwenyewe akaishi na figo moja hadi mwaka 2010, akiwa na miaka 79. Ni kisa kizuri, na ni kweli kwamba mtu mwenye afya anaweza kuishi vema na figo moja. Lakini upasuaji ni upasuaji, na uamuzi huo huhitaji vipimo, ushauri wa daktari asiyemtibu mgonjwa, na muda wa kubadili nia. Haufai kutangazwa katika mkusanyiko wa vijana wenye hamasa. Fomu za wanafunzi zieleze waziwazi kwamba zinahusu uchangiaji baada ya kifo.

Eneo jingine linasahaulika bila sababu. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ilipandikizwa kwa mafanikio na Eduard Zirm tangu mwaka 1905, na hata leo hakuna kiungo rahisi kuchangia kuliko hicho. Konea haihitaji mtu afie kwenye mashine. Inaweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, umri mkubwa si kizuizi, na aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza kuchangia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 walikuwa wakisubiri konea, na kwamba ilipatikana konea 1 kwa kila wahitaji 70. Kwa kuwa vifo vingi havitokei katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwa watu wengi hiki ndicho wanachoweza kuchangia kwa hakika, na bibi aliyezoea kujiona amezeeka mno kumfaa mtu atafurahi kukisikia. Pale penye benki ya macho, wanafunzi wangeanzia hapo.

Sasa nirudi kwenye kipimo. Vikundi vya wanafunzi hutoa taarifa kwa kuhesabu fomu zilizojazwa, na wafadhili na walimu huwasifu kwa hesabu hiyo. Ningependa kuona taarifa ya namna nyingine. Aliyejaza fomu atafutwe baada ya mwezi mmoja, aulizwe swali moja tu: umemwambia nani nyumbani? Idadi ya waliojibu kwa kutaja jina la mzazi, mwenzi au ndugu ndiyo iandikwe juu ya taarifa. Kila mwanafunzi wa kikundi alete swali moja lililoulizwa kwao, si alilolitunga mwenyewe, na maswali hayo yajibiwe hadharani na daktari bingwa, mwanasheria na kiongozi wa dini wakiwa wameketi pamoja, wazazi wakiwa wamealikwa. Maswali hayo yatunzwe, kwa sababu viongozi wa vikundi huhitimu na kuondoka, na kila kundi jipya huanza upya kama vile hakuna aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Somo hili lingeingizwa pia katika mitaala ya baiolojia na uraia, lisingetegemea bidii ya vijana wachache wa mwaka mmoja.

Na atakayesema hapana, aheshimiwe. Nimeumia kuona maandishi ya vijana yakiwaita wanaokataa wabinafsi. Mtu aliyeelezwa, akafikiri, akasema hataki, na familia yake ikalijua hilo, amewapunguzia ndugu zake uzito uleule ambao anayekubali amewapunguzia, na jibu lake lihesabiwe kuwa mafanikio ya kampeni. Ridhaa isiyoweza kunyimwa si ridhaa, na wananchi wakihisi kwamba wanasukumwa, watarudi kwenye hofu zao za zamani.

Kwako Mhariri nina maombi mawili. La kwanza, gazeti lako lifungue safu ya maswali ya wasomaji kuhusu uchangiaji wa viungo, wanafunzi wayakusanye maswali hayo majumbani na wataalamu wayajibu kwa majina na vyeo vyao. La pili, zinapokuja habari za wizi wa viungo, waandishi wako wamuulize kwanza daktari wa upandikizaji kama jambo linalodaiwa linawezekana, kabla kichwa cha habari hakijapangwa. Nipo tayari kushirikiana na walimu watakaotaka kuandaa mafunzo ya wahamasishaji, hasa sehemu ile ya namna ya kuzungumza na wazazi, na nitashukuru ukiwaunganisha nami wale watakaoandika kupitia kwako.

Wako katika huduma,

Muuguzi mstaafu wa wagonjwa mahututi